Eveline Kalinga na Salamu ya Baba Yake

Baba Mchungaji, wazee wa ukoo wa Kalinga, wakwe zetu mliosafiri kutoka Mbeya, majirani wa Kihesa na wa Soweto, wafanyakazi wenzake na marehemu, na ninyi nyote mlioacha mashamba na biashara zenu mkaja kukaa nasi, familia imemtuma Gideoni, mtoto wa baba mdogo, asimame mbele yenu asome safari ya dada yetu Eveline Sedekia Kalinga. Historia hii ni ndefu kuliko mlizozizoea, na mahali fulani itawashtua, kwa hiyo aliyesimama atafute pa kukaa. Kila neno lililomo lilisomwa jana mbele ya baba yake mzazi, Mzee Sedekia Kalinga, naye akaagiza lisipunguzwe.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1974, hapa hapa Kihesa, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Mzee Sedekia, fundi seremala ambaye nusu ya meza na vitanda vya mtaa huu vimepita mikononi mwake, na hayati Mama Anjela, aliyetangulia mbele za haki mwaka 2005. Alibatizwa akiwa mchanga katika usharika wetu wa Kilutheri, akapata Kipaimara mwaka 1989, na aliimba kwaya kwa sauti ya pili mpaka alipoondoka nyumbani. Wenye umri wake watakumbuka kwamba nyumba ya Mzee Kalinga ilikuwa nyumba ya salamu, mtoto hakupita mbele ya mtu mzima bila kukunja magoti na kusema kamwene, salamu yetu ya Kihehe, kisha akangoja aitikiwe na kuulizwa habari zote, za shule, za shamba, za kuku, hata kama uji unapoa mezani. Eveline aliyapenda mambo hayo kuliko mdogo wake Joachim, ambaye alikuwa akisalimia huku anakimbia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1982 katika shule ya msingi hapa Kihesa, akamaliza la saba mwaka 1988, akasoma sekondari mjini Iringa kuanzia 1989 hadi 1992, na mwaka 1993 akachaguliwa kujiunga na chuo cha uuguzi mkoani Mbeya, alikohitimu mwaka 1996. Mzee alimtengenezea sanduku la mbao la kubebea nguo, likiwa zito kiasi kwamba kondakta wa basi alilitoza nauli yake peke yake. Februari 1997 aliajiriwa katika kituo cha afya jijini Mbeya, wodi ya wazazi, na mwaka 2005, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kupatikana katika vituo vya kawaida, alihamishiwa kwenye kliniki ya dawa hizo, na kazi hiyo ndiyo aliyoifanya mpaka mwili ulipokataa.

Tarehe 12 Juni 1999 alifunga ndoa takatifu na Bwana Isakwisa Mwalyego, fundi wa magari, Mnyakyusa wa Rungwe mwenye makazi Soweto, Mbeya, na wazee waliokuwapo wanakumbuka jinsi wakwe zetu walivyochunguza kila kipande cha nyama sahanini kabla ya kula, wakidai kwamba kwa Wahehe ni lazima mtu ahakikishe kwanza kama kitoweo hakikuwahi kubweka. Mungu aliwajalia watoto wawili, Fred, aliyezaliwa mwaka 2000, na Joyness, aliyezaliwa mwaka 2004, ambao wote wako hapa na baba yao.

Juu ya kazi yake ni lazima tuseme kidogo, maana wengi mlimjua lakini hamkumwelewa. Watu waliofika kwake walikuja na hofu kubwa kuliko ugonjwa, mmoja aliuliza kama mwajiri wake atapelekewa majibu, mwingine kama mchungaji ataambiwa kabla ya kufungisha ndoa, mwingine hakuogopa dawa ila dirisha, kwamba jirani anayekwenda kununua mkaa atachungulia amwone amekaa kwenye benchi. Kwa ajili ya watu hao marehemu alijifunza jambo gumu kwa mtoto wa nyumba ile, akaacha kusalimia. Alikuwa akiwaambia wauguzi wenzake kwamba mkikutana na mtu sokoni msimwanze, ngojeni awaanze yeye, kwa sababu muuguzi wa kliniki ile akimchangamkia mtu njiani, walio karibu watajiuliza wamejuana wapi. Kwa kuwa hakutaka kuchagua wa kumsalimia na wa kumwacha, aliacha kuwaanza wote, na kwa hiyo pale Soweto alipewa jina la mama maringo, akalibeba bila kujitetea.

Sasa tunafika mahali ambapo historia nyingi hupita haraka. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 13 Aprili 2009, marehemu alikuwa nyumbani hapa kwa sikukuu, akaitwa sebuleni na baba yake, akiwapo Joachim na shangazi yetu Juliana. Joachim alikuwa ameleta habari ya binti wa Mbeya aliyetaka kumwoa, barua ya posa ilikuwa imepokelewa, ila mtu mmoja alikuwa amemwona binti huyo kwenye baraza la kliniki alikofanya kazi Eveline, na habari hiyo ikapita mdomo kwa mdomo mpaka ikafika Kihesa. Wakamwomba jambo ambalo kwao lilikuwa dogo, afungue jalada atazame, kisha awaambie wazee wake, damu yake mwenyewe, kama kijana aendelee au asiendelee.

Eveline alikataa. Shangazi akamwambia basi asiseme, atikise tu kichwa, mdomo wake utakuwa haujatamka kitu na kiapo chake kitakuwa salama, na hata hilo alikataa, akaeleza kwa upole kwamba hawezi kusema anamjua wala kusema hamjui. Maneno yake Joachim anayakumbuka mpaka leo. "Nikiwaambia huyu simjui," alisema, "siku mtakayoniuliza juu ya mwingine nikanyamaza, mtakuwa mmeshajibiwa." Akawapa shauri la wazi, Joachim na mwenzake waende wawili, wapime pamoja, wapokee majibu pamoja, halafu waamue wenyewe la kuwaambia wazee. Joachim alitazama chini, maana, kama alivyoturuhusu kusema leo, alikuwa radhi dada yake achungulie mafaili mia moja kuliko yeye kutoa tone moja la damu.

Mzee hakuzoea kukataliwa na mtoto, tena mtoto yule aliyekuwa akimsifu kwa wenzake. Akasimama, akasema mbele yao wote, "Basi kamwene yako sitaiitikia tena mpaka uniletee jibu." Na Mzee Kalinga, mnaomjua mnajua, akisema kitanda kitakuwa tayari Jumamosi basi Ijumaa jioni kimeshapigwa msasa, neno lake halirudi nyuma.

Familia basi ikafanya kosa ambalo leo inaliona. Kimya cha Eveline kilihesabiwa kuwa ni jibu, ikasemwa kwamba kama binti angekuwa mzima dada mtu angesema tu, na maneno hayo yalipofika kwa wazazi wa binti, barua ya posa ilirudishwa na yeye akahama Mbeya. Jina lake halitatajwa hapa, wala hakuna katika ukoo huu anayejua kama aliwahi kumeza hata kidonge kimoja, kwa kuwa kwenye baraza la kliniki huketi pia waliowasindikiza wenzao, waliowaletea wagonjwa chakula, na waliokimbilia pale wakingoja mvua ipite. Joachim alikaa miaka mitatu bila kuoa, na mwaka 2012 alipompata Ikupa, ambaye ni mke wake, walikwenda wawili na kupima pamoja, kama alivyoshauriwa.

Kuanzia mwaka ule kila Krismasi ilikuwa hivi. Gari la Isakwisa liliingia uani, watoto wakateremka wakamkimbilia babu yao, mkwe akaitikiwa na kukaribishwa sebuleni, na Eveline akapiga magoti kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, akasema, "Kamwene, baba." Mzee hakujibu. Eveline alingoja kidogo, kama mtu aliyeambiwa kuna anayekuja, kisha akainuka, akapangusa magoti, akazunguka nyumba na kuingia kwa mlango wa jikoni, kwa sababu mtu ambaye mwenye nyumba hajamwitikia haketi sebuleni kwake. Sikukuu zake zote zilipita kwenye kigoda kando ya mafiga, akimenya viazi na kusikiliza vicheko vya upande wa pili wa ukuta. Joyness alipokuwa na miaka sita alimwuliza babu kama masikio yake yanauma, akapewa pipi. Isakwisa aliapa zaidi ya mara moja kwamba hatamleta tena mke wake kudhalilishwa, na kila Desemba ilipofika marehemu alimbembeleza mpaka akawasha gari.

Tuseme wazi kwamba ilimwuma. Mtu mwingine angesusa, ila yeye alikuwa na hamu na baba yake, hamu isiyokuwa na dawa, ya kuulizwa tu habari za kazi na sauti ile iliyomlea.

Mwezi Mei 2014 Mzee Sedekia aliugua mkanda wa jeshi, upande wote wa mbavu ukawa kama umemwagiwa maji ya moto, na daktari mmoja hapa mjini akamshauri apime. Hapo alikuwa na miaka sitini na minane, mgane, mzee wa kanisa, na Iringa mji wetu wa mlimani mnaujua, ukikohoa Kihesa wanakupa pole Gangilonga. Akaamua kwenda mbali. Aliaga kwamba anakwenda Mbeya kutazama mashine ya kuranda mbao, na kwa kuwa hakutaka hata kidogo kukutana na binti yake, alitafuta kituo kilicho upande mwingine wa jiji, mbali na kile alichojua kwamba Eveline anafanyia kazi.

Kitu ambacho Mzee hakukijua ni kwamba Eveline alikuwa amehamishiwa kituo hicho hicho tangu Julai 2013. Ukoo mzima ulijua, majirani walijua, hata muuza maziwa alijua, maana habari kama hizo huja ndani ya salamu, unamwitikia mtu, unamwuliza habari za kazi, naye anakwambia amehamishwa. Mzee hakuwa ameitikia salamu ya binti yake kwa miaka mitano, hivyo hakuwa na habari.

Jumanne, tarehe 10 Juni 2014, aliketi katika chumba kidogo cha ushauri, ameshika kofia yake magotini, mlango ukafunguliwa na aliyeingia akawa ni mwanawe. Yote haya Mzee ametusimulia mwenyewe. Anasema Eveline alisimama pale na hakusema kitu, kwa kuwa ilikuwa ni desturi yake kutomwanza mtu, na kwamba alikuwa tayari kugeuka atoke na kumwacha aende zake kama mtu ambaye hakuonekana. Mzee, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumwanza mtoto salamu, ndiye aliyeanza. "Kamwene, mwanangu," alisema. Binti yake akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya saruji, na sare yake nyeupe, akaitikia.

Alipojikusanya alimweleza baba yake haki zake kama anavyomweleza mgeni yeyote, kwamba si lazima ahudumiwe na mtoto wake, yuko muuguzi mwenzake, Bwana Dastan, mtu mwenye kifua, na yeye Eveline anaweza kutoka na asiulize tena chochote. Mzee alijibu, "Aliyeninyima jibu la mtu mwingine ndiye ninayemtaka anishikie la kwangu." Akapimwa, na majibu yakaonyesha kwamba Mzee ana virusi vya UKIMWI. Alivipata wapi na lini, Eveline hakumwuliza kwa namna ya kumchunguza, na Mzee ameomba na ninyi msiulize.

Alianza dawa siku ile ile. Mwanzoni alikwenda kila mwezi, baadaye kila miezi mitatu, na miaka ya karibuni alipewa dawa za miezi sita. Aliogopa kwamba dawa zitamnyima nguvu za kushika randa, aliogopa kwamba vidonge vikilia kwenye kopo lake wajukuu watauliza, na Eveline akamshauri avihamishie kwenye mkebe wa misumari wa karakana, kwa sababu hakuna anayeshangaa mkebe wa fundi ukilia. Kipimo cha wingi wa virusi kilifika mahali ambapo mashine haivioni tena, mwili ukarudi, na mnamwona mwenyewe amekaa pale, ana miaka sabini na tisa na mgongo ulionyooka. Safari zake za Mbeya ndizo zilizoleta maneno. Mashine ya kuranda haikununuliwa, nauli zilikuwa zinakwenda, Mzee alikuwa ananyoa ndevu kabla ya safari, na shangazi Juliana akatangaza kwamba kaka yake amepata mama wa kumfariji huko Mbeya, mpaka ukoo ukatuma watu wawili kumsihi amlete mchumba wake aonekane.

Alikuwa anakwenda kuonana na mwanawe. Katika chumba kile waliitikiana salamu yote tangu mwanzo hadi mwisho, Eveline akamsimulia baba yake juu ya Fred aliyeanza chuo, juu ya paa la Soweto linalovuja, juu ya Isakwisa na hasira zake zinazoisha chakula kikiiva, na mara nyingi kulikuwa na chombo cha ndizi alizopika alfajiri, kwa kuwa mwenye safari asimeze dawa na tumbo tupu. Mzee anasema aliijua nyumba nzima ya binti yake kwa kusimuliwa, ila hakuwahi kukanyaga, kwa kuwa angeulizwa amefikaje.

Mtajiuliza kwa nini basi hakumwitikia hapa nyumbani. Alitaka. Krismasi ya mwaka ule ule wa 2014 alikuwa tayari, na Eveline ndiye aliyemzuia, akamkumbusha neno lake la Pasaka lililosemwa mbele ya watu. Mzee alikuwa ameapa kutoitikia mpaka aletewe jibu, na siku atakayoitikia bila maelezo, watu wote watasema jibu limeletwa, kwamba Eveline hatimaye ametoa siri ya binti wa watu. Kumfungulia yule binti lawama upya hakukubali. Na neno la kweli la kueleza lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa mali ya Mzee, la kutoa siku atakayotaka mwenyewe au asitoe kabisa. Alimwambia hatamsukuma.

Kwa hiyo wakaendelea, Mbeya wakiwa baba na mwana, Kihesa wakiwa kama maadui. Kila safari Mzee alisema Krismasi hii nitasema, na kila Krismasi alipowaona wazee wenzake wa kanisa wameketi sebuleni na vikombe vya chai, aliliahirisha mpaka mwaka unaofuata. Mwaka mmoja Eveline alimwambia pale kliniki neno ambalo Mzee alilirudia mbele yetu kwa shida, kwamba huku Mbeya ninaye baba, ila Kihesa bado naingilia jikoni. Alilisema akicheka. Krismasi iliyopita, mwaka 2024, alipiga magoti kizingitini kama kawaida, akasema kamwene, baba, na walio karibu waliona Mzee amefungua kinywa, wakadhani sasa, kisha akamgeukia Joachim akaomba maji ya kunywa. Eveline aliinuka, akapangusa magoti, akaenda kumenya viazi, na hiyo ikawa mara yake ya mwisho kufika nyumbani kwa miguu yake.

Kuhusu maradhi yaliyomchukua, marehemu aliacha agizo kwamba yasisomwe. Alimwambia mume wake, "Msiutaje ugonjwa wangu hata kama ni mafua, maana mkiutaja wangu, wa jirani usipotajwa watu watajua cha kufikiri." Familia inalishika agizo hilo, na anayetaka kubuni abuni, yeye amezoea. Tunalosema ni kwamba alianza kudhoofu mwezi Februari mwaka huu, alilazwa hospitali jijini Mbeya tarehe 19 Agosti, na aliuguzwa kwa upendo mkubwa. Mzee alikwenda kumwona tarehe 30 Agosti, akiwa na shangazi Juliana na wakwe, wodi imejaa watu. Sauti ya mgonjwa ilikuwa imeshapotea, hakuweza kusalimia. Mzee alimshika mkono, akainama, akaanza kusema, "Mwanangu, mimi leo," na Eveline, ambaye siku hizo hata kugeuza shingo ilikuwa kazi, alitikisa kichwa taratibu, akimkataza, mpaka baba yake akanyamaza. Alifariki dunia Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Kwa desturi mwili huu ulikuwa wa wakwe zetu, na familia inawashukuru wazee wa Rungwe waliokubali, baada ya Isakwisa kuwaangukia, kwamba alale Kihesa kando ya mama yake kama alivyoomba. Jumatano alasiri ukoo ulikutana hapa kuandika historia hii, na shangazi Juliana, kwa nia njema, alitaka iandikwe kwamba marehemu anaomba radhi kwa baba yake kwa ukaidi wake, ili asizikwe na kinyongo cha mzazi. Sentensi ilikuwa imeshaandikwa. Mzee aliomba asomewe, akaomba asomewe tena, kisha akasema ifutwe, na akatueleza yote mliyosikia.

Joachim alimsihi afikirie, akamtajia usharika, akamtajia uzee wake wa kanisa na wateja wa karakana. Mzee akajibu, "Yeye amebeba la kwangu miaka yote hii, mimi nishindwe kulibeba siku moja?" Shangazi Juliana alilia, naye ametutuma tuseme kwamba anamwomba marehemu radhi, na kwamba alipomaliza kulia aliuliza kama kweli basi hakuna yule mama wa Mbeya, ndipo watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Jana jeneza lilipofika kutoka Mbeya, wakwe walitaka kulipitisha ubavuni kwa kuwa uwanja wa mbele ulikuwa umejaa watu, Mzee akakataa, akawaomba watu wapishe, na likaingizwa sebuleni kwa mlango wa mbele.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, inamshukuru Bwana Dastan na wafanyakazi wenzake wa kliniki, ambao walijua kwa miaka kumi na moja na hakuna hata mmoja aliyevujisha. Inawashukuru majirani wa Soweto waliopika, waliokesha na waliochimba mashimo ya nguzo za turubai, ndaga fijo, na majirani wa Kihesa kwa kuni, unga na bega la kuegemea. Inawashukuru pia wale waliokuja leo wakasimama nyuma, ambao marehemu hakuwahi kuwaanza salamu njiani, familia haiwajui na haitaki kuwajua, ila wakati wa kumuaga piteni kama wengine wote, mstari ni mmoja.

Mlango wa karakana uko wazi kwa yeyote ambaye bado atataka kitanda cha Mzee Kalinga.

Kabla ya mstari huo kupangwa, Mzee ameomba asimame karibu na mwanawe. Familia ilimwuliza kama Gideoni amsomee, akakataa, akasema neno hili halisemewi mtu. Ametuandikisha tu ili lisipotee kama sauti itamkatikia njiani, na tunawaomba mnyamaze, maana ni miaka kumi na sita tangu lisikike katika nyumba hii.

"Kamwene, mwanangu. Kamwene, Eveline. Habari za kazi?"

Pumzika kwa amani, dada, umeitikiwa.